Miaka 70 katika jumba moja: Ita Ever alibaki au alikwama?

"Shikamoo mwalimu. Baba yangu alisoma uhandisi Leningrad miaka ya 80, akarudi na mapenzi ya filamu moja ya Kirusi ya bibi mpelelezi, Miss Marple. Mwaka huu tumeipata intaneti tukaitazama pamoja. Nilivutiwa na yule mama nikamtafuta, nikaona anaitwa Ita Ever, na kwamba alifanya kazi katika jumba moja la maigizo kwa miaka 70. Baba anasema ni Mrusi, mimi nimeona wameandika Mestonia. Kama filamu ilimpa jina nchi nzima ya Kisovieti, kwa nini hakuhamia Moscow? Alikatazwa, au alikosa ujasiri? Nauliza kwa sababu nina miaka 36, naigiza jukwaani kwa Kiswahili, nina mtoto wa miaka minne, na wenzangu karibu wote wamehamia tamthilia za televisheni. Naambiwa umri umenipita na jukwaa halilipi. Isitoshe, sauti yangu inakwaruza mwezi wa pili sasa. Naomba unieleze maisha ya huyu mama, kisha unishauri bila kunificha."

Marahaba, mwanangu. Umefunga maswali mengi kwenye kanga moja, na nadhani linalokukosesha usingizi si la Ita Ever. Unataka kujua kama mtu anayebaki jukwaani, ndani ya lugha yake, amechagua mwenyewe au basi limemwacha kituoni. Nitakujibu kwa kupitia maisha yake, maana ni mfano mzuri kuliko maneno yangu ya darasani. Na la sauti usidhani nimelipita. Tutafika.

Tuanze na baba, maana hilo ni jepesi. Ita Ever hakuwa Mrusi. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1931 katika mji mdogo wa Paide, katikati ya Estonia, nchi iliyojitangazia uhuru 1918. Alikuwa na miaka tisa Wasovieti walipoimeza nchi yake mwaka 1940. Wajerumani wakaja 1941, Wasovieti wakarudi 1944, na uhuru haukupatikana tena hadi Agosti 1991, yeye akiwa na miaka 60. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alikuwa raia wa dola ya Kisovieti, na ndipo watu wanapochanganya. Kumwita Mrusi ni kama kumwita Mwingereza mtu aliyezaliwa Tanga mwaka 1940 kwa sababu ya bendera iliyokuwa ikipepea bomani.

Na lugha yake haina undugu na Kirusi hata kidogo. Kiestonia ni jamaa wa Kifini. Wanaokizungumza ni takriban milioni moja tu. Ngoja nikuonyeshe kitu kimoja, kwa sababu bila hiki hutaelewa kwa nini alibaki. Kiestonia kina urefu wa sauti wa ngazi tatu. Neno *lina*, kwa n fupi, ni shuka au kitani. Ukiivuta ile n, *linna*, umesema "ya mji". Ukiivuta zaidi kidogo, *linna*, umesema "kuingia mjini". Hayo mawili ya mwisho yanaandikwa sawasawa. Karatasi haikusaidii, ni sikio tu linalotofautisha. Mtu wa Mombasa atanielewa upesi: paa la nyumba na paa wa porini huandikwa vilevile, lakini Mmvita wa asili hutoa pumzi kwenye yule mnyama, na mwenzake aliyekaa kibarazani anajua mara moja anayezungumziwa ni yupi. Sasa fikiria mwigizaji aliyelelewa na sikio la namna hiyo, mbele ya watazamaji wenye sikio hilohilo. Akivuta herufi kwa nusu pumzi, ukumbi mzima umeshajua kama mhusika bado anauwaza mji au ameshaanza safari. Mali hiyo huwezi kuibeba kwenye sanduku ukaenda nayo Moscow.

Kosa la pili ni lako, nawe si wa kwanza kulifanya. Unasema filamu ilimpa jina. Hesabu miaka. Alihitimu 1953 katika GITIS, chuo cha serikali cha sanaa za maigizo kilichopo Moscow, akiwa na miaka 22. Mwaka huohuo akaingia Jumba la Maigizo la Estonia mjini Tallinn, lile wanaloliita Eesti Draamateater. Ile filamu ya Mosfilm, studio ya filamu ya Moscow, iliyotokana na riwaya ya Agatha Christie na kuongozwa na Vadim Derbenyov, ilitoka 1983. Katikati hapo kuna miaka 30. Miaka 30 ya mazoezi asubuhi na jukwaa usiku ndiyo iliyomtengeneza yule bibi mliyemtazama sebuleni. Filamu ilikuja kuchuma tunda lililoivia kwingine.

Sasa, kwa nini Mosfilm imwite Mestonia aigize bibi wa Kiingereza? Zama zile studio za Kisovieti zilipohitaji Mwingereza, Mjerumani au mfalme wa Ulaya, mara nyingi ziliwatazama watu wa Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania. Waliwaona wana sura na mwenendo wa Magharibi, na Tallinn ilikuwa Magharibi iliyo karibu. Mfano mkubwa zaidi ni Jüri Järvet, Mestonia mwenzake, aliyekuwa Mfalme Lear, yule wa tanzia ya Shakespeare, katika filamu ya Grigori Kozintsev ya 1971. Dunia ilimsifu Järvet, lakini katika nakala ya Kirusi sauti unayoisikia ni ya mtu mwingine, Zinovy Gerdt. Tafakari hilo kidogo. Umeigiza Lear, umeshangiliwa, na hata neno moja linalotoka kinywani mwako si la sauti yako. Kwa mwigizaji wa jukwaa, ambaye nusu ya kazi yake ni sauti, ushindi wa namna hiyo una uchungu ndani yake.

Kwa hiyo alikatazwa kwenda Moscow? Njia ilikuwa wazi kuliko unavyodhani. Aliishi Moscow akiwa mwanafunzi, akasoma kwa Kirusi, na darasa lake la Waestonia halikuwa la watu wadogo. Waliohitimu pale mwaka huohuo wa 1953 ni pamoja na Kaljo Kiisk, Arvo Kruusement na Grigori Kromanov, ambao baadaye waliongoza filamu ambazo Waestonia wanazijua kwa moyo mpaka leo. Nao walirudi nyumbani. Ninavyoona mimi, hawakurudi kwa kukosa ujasiri. Walirudi kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi ambayo wao ndio wangeweza kuifanya.

Kazi hiyo ilikuwa na mizizi. Maigizo ya Kiestonia yanahesabiwa kuanza tarehe 24 Juni 1870 mjini Tartu, katika chama cha Vanemuine, kwa mchezo ulioandikwa na mwanamke, Lydia Koidula. Aliuchukua mchezo wa Kijerumani, akauvisha nguo za Kiestonia. Ilikuwa nchi ambayo mabwana wake walizungumza Kijerumani na dola ilizungumza Kirusi, na Kiestonia kilionekana lugha ya wakulima. Kusimama jukwaani na kusema Kiestonia kwa heshima kulikuwa tayari ni kauli. Hata jengo lenyewe alilofanyia kazi Ita Ever linasimulia habari hiyo: lilijengwa 1910 kuwa ukumbi wa maigizo wa Wajerumani wa Tallinn, likaja kuwa makao ya maigizo ya Kiestonia. Enzi za Kisovieti likapewa jina la mkomunisti Viktor Kingissepp, kisha jina la asili likarudi. Majina yalibadilika juu ya mlango, yule mama akaendelea kupita mlango uleule.

Nataka nikueleze utaratibu wa majumba hayo kwa undani, kwa sababu hapa ndipo ulinganisho wako na maisha yako unapoteleza. Sisi tumezoea kukusanyika, kufanya mazoezi miezi miwili, kuonyesha siku tatu, kutawanyika. Kwao kuna kundi la kudumu. Waigizaji wameajiriwa na wanalipwa mshahara wa mwezi, na jumba lina michezo mingi inayozunguka kwa wakati mmoja. Leo usiku wewe ni mama mkwe katika kichekesho, keshokutwa ni malkia katika tanzia, na asubuhi zote mbili uko kwenye mazoezi ya mchezo wa tatu. Mchezo ukipendwa unaweza kukaa kwenye ratiba miaka kadhaa. Unaurudia, unauacha wiki tatu, unaurudia tena, na kila ukiurudia unakuta umezeeka kidogo na maneno yameanza kukuambia kitu kingine. Mwili unahifadhi wahusika kama mpishi mzoefu anavyohifadhi vipimo vya chumvi mkononi. Na watazamaji wanakua nawe. Bibi aliyeketi safu ya tano alikuona ukiwa msichana mwaka 1955. Anakuona leo ukiwa mama, na anazileta ukumbini sura zako zote alizowahi kuziona. Hakuna filamu inayoweza kukupa hilo.

Estonia ina watu takriban milioni 1.3. Dar es Salaam peke yake ina karibu mara nne ya hao. Hata hivyo, kabla ya janga la korona mahudhurio ya maigizo yao yalikuwa yanavuka milioni moja kwa mwaka. Udogo wa lugha uliwakusanya badala ya kuwatawanya.

Lakini usije ukadhani alijifungia. Alifanya redio, alifanya televisheni, alichekesha watu mpaka machozi. Nenda kwenye miaka miwili kabla ya Marple: mwaka 1981 ilitoka filamu ya watoto ya Kiestonia, *Nukitsamees*, kutoka hadithi ya Oskar Luts, ya watoto wawili wanaopotea msituni na kuangukia mikononi mwa familia ya mizimwi. Yule mama zimwi, mchafu na mkali, ndiye Ita Ever. Mtafutie mwanao aitazame, atamwelewa hata bila lugha. Kisha weka zimwi yule kando ya bibi nadhifu wa Kiingereza. Miaka 50 na miaka 52, uso mmoja, na huwezi kuapa kwamba ni mtu mmoja. Nikiwapa wanafunzi wangu kazi moja tu kuhusu huyu mama, ni hiyo: watazame filamu hizo mbili jioni moja, sauti wameizima, waandike anachofanya kwa mabega.

Hapo ndipo jibu lako la umri lilipo. Unaambiwa miaka 36 imekupita. Aliyekuambia hivyo anazungumzia soko moja, la uso wa msichana kwenye bango. Katika soko hilo hakudanganyi, na ningekuwa mnafiki nikikuambia televisheni inawagombania wanawake wa makamo. Ila jukwaa lina hesabu nyingine. Mwaka 2006, Ita Ever akiwa na miaka 75, ilitengenezwa nchini mwake filamu ya mchezo wa Friedrich Dürrenmatt kuhusu bibi tajiri anayerudi katika mji wake uliofilisika. Anawaahidi wenyeji fedha zisizohesabika kwa sharti moja: wamuue mwanamume aliyemsaliti ujanani. Huwezi kumpa mhusika huyo binti wa miaka 25 ukampaka mvi. Anahitaji mwanamke ambaye subira imemkaa kwenye mifupa. Na mwongozaji wa filamu hiyo alikuwa Roman Baskin, mwanawe wa kumzaa.

Roman alizaliwa 1954, mwaka mmoja tu baada ya mama yake kuhitimu. Baba yake ni Eino Baskin, mwigizaji na mwongozaji aliyekuja kuanzisha kikundi cha Vanalinnastuudio mwaka 1980. Ndoa haikudumu, kazi ilidumu. Nakutajia hili kwa sababu una mtoto mdogo, na najua kuna wanaokuambia mama hafai kurudi nyumbani saa nne usiku. Mtoto wa Ita Ever alikua na jukwaa ndani ya nyumba mpaka naye akawa mwigizaji na mwongozaji. Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Nasema tu kwamba umama haukuikata kazi yake. Roman alifariki 2018, na mama, akiwa na miaka 87, akaishi kumzika mwanawe. Kila nikifika hapa katika habari zake huwa nanyamaza kidogo. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 2023, akiwa na miaka 92, bado ni mtu wa jumba lilelile aliloingia 1953.

Sasa ushauri, na hapa nitakuwa mkweli kama ulivyoomba. Kitu kimoja cha maisha yake huwezi kukiiga, nacho ni mshahara. Alibaki katika jumba lililolipwa na serikali, ya Kisovieti kwanza, kisha ya Estonia huru. Ubao wa matangazo ulikuwa na jina lake msimu baada ya msimu, na mwisho wa mwezi fedha iliingia. Tanzania tuliwahi kuwa na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Chuo kinafundisha, lakini hakiajiri kundi la kudumu kwa mfano wa Tallinn. Kwa hiyo mtu akikuambia "baki jukwaani kama Ita Ever" bila kukueleza kodi ya nyumba italipwa na nani, amekupa nusu ya hadithi.

Ningekuwa mahali pako, nisingeikataa televisheni. Ningeichukua kama yeye alivyoichukua filamu: natoka, nafanya, narudi. Hatari haiko kwenye kamera. Hatari ni kukosa pa kurudi. Ukikaa miaka mitatu bila kusimama mbele ya watu hai, misuli ya jukwaa inalegea, na kuirudisha ni kazi kuliko kuitunza. Tafuteni watu watano au sita, mchezo mmoja mnaoupenda kweli, na badala ya kuonyesha siku tatu na kuuzika, uwekeni hai mwaka mzima: mara moja kwa mwezi, shuleni, kwenye ukumbi wa mtaa, popote. Huo ndio moyo wa utaratibu wa kule, na hauhitaji wizara. Redio nayo usiidharau. Michezo ya redio ya Kiswahili ina wasikilizaji kuliko kumbi zote tulizonazo, na inanoa sikio, inakulazimisha kuigiza kwa pumzi tu.

Kuna hasara ambayo sitaki kukufichia pia. Sehemu kubwa ya usiku wa Ita Ever jukwaani haipo tena popote. Kilichobaki ni filamu, picha na kanda za redio na televisheni, na ndiyo maana baba yako, aliyekuwa mamia ya kilomita tu kutoka Tallinn, anamjua kwa sura moja. Ukichagua jukwaa unachagua kufanya kitu kitakachoyeyuka. Wapo wanaoweza kuishi na hilo na wapo wasioweza, na kutoweza si aibu. Ila jiulize wewe mwenyewe, usimwachie anayekucheka akujibie.

Sasa sauti, na hapa nabadilika kidogo, maana umelitaja mwisho kama jambo dogo. Si dogo. Mwanamke akizungumza kwa kawaida, nyuzi zake mbili za sauti kooni hugongana takriban mara 200 kwa sekunde. Ukipaza sauti kwenye ukumbi usio na dari nzuri, zinagongana kwa nguvu zaidi. Zikichoka zinavimba. Zikivimba hazifungi vizuri, hewa inavuja, nawe unasukuma zaidi ili usikike. Hapo unaziumiza tena. Ni mduara, na tangawizi na asali havifiki kwenye nyuzi hizo hata kidogo, maana unachomeza hupita njia nyingine. Kunong'ona nako wengi huona ni kupumzisha sauti, na mara nyingi kunaichosha. Kunyamaza ndiko kupumzika. Kunywa maji ya kutosha siku nzima, acha kukohoakohoa kusafisha koo, na kama kuna anayevuta sigara kwenye chumba cha mazoezi, mtoe nje.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekwaruza miezi mitano kwa sababu aliogopa kuambiwa aache mchezo. Alipokwenda hatimaye, daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Alipumzishwa, akafundishwa upya kupumua na kuweka sauti, na akarudi jukwaani bila kupasuliwa. Angewahi, asingepoteza msimu mzima. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, mtu anatakiwa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, achunguzwe kwa kamera ndogo. Wewe uko mwezi wa pili. Ukiona pia unapata shida kumeza, unapumua kwa tabu, unakohoa damu au una uvimbe shingoni, usisubiri foleni ya wiki ijayo, nenda siku hiyohiyo. Mimi kwa maandishi siwezi kuona koo lako, na mwalimu yeyote anayekuambia anaweza kulitibu kwa mazoezi kabla halijaangaliwa, mkimbie.

Daktari akishakuruhusu, tafuta mwalimu wa sauti ana kwa ana, Bagamoyo au kwenye idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akusikilize ukisoma, akuwekee mkono mgongoni aone pumzi inaanzia wapi. Hilo nalo haliwezekani kwa barua.

Niandikie ukishaonwa, uniambie daktari amesema nini. Na mwambie baba kwamba yule bibi wake alikuwa Mestonia wa Paide, ila kuhusu filamu yenyewe, amechagua vizuri.